Ponti Fupi, Ponti Ndefu na Otobloka: Namna ya Kuchagulia Gari la Zamani Lubumbashi

Jirani yangu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ana Mercedes 240D ya mwaka 1980, na kila juma huiendesha hadi Likasi, safari ya kilomita zipatazo 120 kwa kwenda tu. Injini yake hupiga kelele sana mshale unapofika kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo, alipoonyeshwa ponti ya okazi, yaani ekseli ya nyuma iliyokwisha kutumika, iliyotolewa kwenye 300 ya dizeli yenye turbo, yenye uwiano wa 3.07 badala ya 3.69 aliyokuwa nayo, alikuwa tayari kutoa fedha siku hiyo hiyo. Nilimwomba asubiri hadi kesho yake ili tukae na kalamu, karatasi na futi ya kupimia. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyapitia pamoja, nikiyaongezea mambo niliyojifunza kwa gharama kwenye Land Rover yangu mwenyewe, kwa faida ya kila mtu anayetunza gari la zamani linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma.

Tuelewane kwanza kuhusu majina, kwa sababu fundi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa na muuza vipuri anayeleta mali yake kutoka Zambia hawatumii maneno yale yale. Ekseli nzima ya nyuma, pamoja na tumbo lake la chuma, hapa kwetu huitwa ponti. Ndani yake mna jozi ya gia mbili: pinioni, ambayo ni ndogo na huzungushwa na kardani, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi, na krauni, ambayo ni kubwa, ya duara, na hupeleka mzunguko upande wa magurudumu. Difu yenyewe ni kile kisanduku kilichofungwa kwenye krauni, chenye gia ndogo ndogo zinazoliruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Watu wengi husema difu wakimaanisha vyote hivyo kwa pamoja, na hapo ndipo fedha huanza kupotea, kwa kuwa maamuzi ni mawili na hayategemeani: unaweza kubadili krauni na pinioni bila kuigusa difu, na unaweza kufunga difu ya kuzuia utelezi, ambayo fundi wa Kifaransa ataiita otobloka, bila kubadili uwiano wa gia.

Uwiano ni hesabu ya meno tu. Krauni yenye meno 41 ikiendeshwa na pinioni yenye meno 10 inatoa uwiano wa 4.1, maana yake kardani huzunguka mara 4.1 ili magurudumu yazunguke mara moja. Krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 11 hutoa 3.909. Namba ikiwa kubwa, ponti ni fupi: gari linaondoka kwa nguvu, linapanda mlima bila kusukumwa sana, lakini injini huzunguka kwa kasi kubwa barabarani. Namba ikiwa ndogo, ponti ni ndefu: injini inatulia kwenye lami, lakini kila gia inakuwa nzito. Hakuna ponti inayoongeza nguvu za injini. Ponti huamua tu nguvu hizo zitumike wapi.

Kabla ya kutamani uwiano mwingine, jua ulio nao. Usiamini kitabu cha gari peke yake, kwa sababu gari lenye umri wa miaka arobaini limeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na ponti iliyomo huenda si ile lililozaliwa nayo. Kwenye Toyota, bati la chuma lenye namba ya chasisi mara nyingi lina pia alama ya ekseli, ambayo herufi yake huonyesha ukubwa wa ponti na tarakimu zake huonyesha uwiano. Hata hivyo bati halijui kilichofanyika baada ya kiwanda. Njia ya uhakika ni kuhesabu. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mbao, weka giaboksi huru, achia breki ya mkono, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma na ulisimamishe juu ya stendi madhubuti, si juu ya jeki tupu. Chora alama ya chokaa kwenye kardani na nyingine kwenye tairi. Zungusha gurudumu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya kardani, halafu gawanya hesabu yake kwa 10. Unagawanya kwa 10 na si kwa 20 kwa sababu, gurudumu la pili likiwa limesimama chini, difu ya kawaida huigeuza krauni nusu tu ya mzunguko wa gurudumu lililo juu. Kardani ikizunguka mara 47, uwiano ni 4.7, na hiyo ndiyo ponti ya Land Rover za Series zilizotoka kiwandani. Gurudumu likikataa kabisa kuzunguka kwa mkono, au likigoma kisha liachie ghafla, huenda tayari una otobloka. Katika hali hiyo inua magurudumu yote mawili, yazungushe pamoja mara 10, na ugawanye kwa 10 vilevile.

Kipimo cha pili ambacho wengi hukipuuza ni mzingo wa tairi. Weka alama chini kabisa ya tairi na nyingine sakafuni, sukuma gari likiwa na uzito wake wa kawaida hadi tairi lizunguke mara tano, pima umbali, gawanya kwa tano. Usipige hesabu kutokana na namba zilizoandikwa ubavuni peke yake, kwa maana tairi lililobeba gari hubonyea, na mzingo wake wa kweli huwa mfupi kidogo kuliko wa karatasi.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mwendo kwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 16.67 ili upate mita kwa dakika, gawanya kwa mzingo wa tairi kwa mita, kisha zidisha kwa uwiano wa ponti na kwa uwiano wa gia unayotumia. Kwenye magari mengi ya zamani yenye gia nne, gia ya nne ni moja kwa moja, yaani 1. Jibu ni mizunguko ya injini kwa dakika.

Tulipopima tairi za jirani yangu, tulikuta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Gari lilitoka kiwandani na tairi za 175 R14, ambazo mzingo wake wa kutembea ni kama mita 1.94. Yeye alikuwa amefunga 185/65 R14, kwa sababu ndizo zilizopatikana sokoni na zilionekana pana na nzuri, lakini ni fupi kwa kimo, na mzingo wake ulikuwa mita 1.82. Kwa hiyo, bila kujua, alikuwa ameifupisha ponti yake kwa asilimia sita na ushei: 3.69 yake ilikuwa inafanya kazi kama 3.93. Kwa mwendo wa kweli wa kilomita 100 kwa saa, injini ilikuwa ikizunguka karibu mara 3,380 kwa dakika badala ya 3,170. Na kwa kuwa mshale wa mwendo huendeshwa kutoka kwenye giaboksi, mshale ulipoonyesha 100 gari lilikuwa likienda kama 94 tu.

Kisha tukajaribu ile 3.07 kwenye karatasi, tukidhani kwamba tairi sahihi zimerudi. Kwa kilomita 100 kwa saa injini ingezunguka mara 2,640, jambo linalovutia sana. Lakini barabara ya Likasi si ya kilomita 100 kwa saa muda wote. Sehemu kubwa ya safari unakaa nyuma ya malori ya madini, kwa 60 au 80, ukingoja nafasi ya kupita, na mara nyingi nafasi hiyo hutokea palepale barabara inapopanda. Kwa 80, ponti ya 3.07 ingeiacha injini kwenye mizunguko 2,110, ilhali injini ile ya lita 2.4 hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha, kama Nm (nyutoni-mita) 137, karibu na mizunguko 2,400. Ponti ya 3.69 inaiweka kwenye 2,540 kwa mwendo uleule, yaani mahali panapofaa kabisa. Juu ya hayo, ponti ndefu ingepunguza msukumo wa magurudumu katika kila gia kwa karibu asilimia 17. Injini ya 300 yenye turbo inaweza kuibeba 3.07 bila shida kwa kuwa ina nguvu ya kutosha na ya ziada. Injini ya 240D haiwezi, isipokuwa dereva akubali kuishi kwenye gia ya tatu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku kuliko walioandika vitabu vya magari haya. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kabla hujagusa chochote, tayari umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zilizoandikwa kitabuni. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma, walio karibu na mita 1,500 na wanaoishi kwenye miteremko, wamepoteza zaidi. Ndiyo maana ushauri mzuri uliotolewa kwa mtu wa Ulaya anayeendesha kwenye barabara kuu iliyo tambarare karibu na bahari huwa mbaya ukiletwa hapa bila kupimwa. Maoni yangu, baada ya kuona magari mengi, ni kwamba mwenye gari dogo la zamani lisilo na turbo asirefushe ponti kwa zaidi ya asilimia kumi, na kabla ya kufanya hivyo ahakikishe kwamba kwa mwendo anaoutumia muda mrefu zaidi injini inabaki palepale, au juu kidogo, penye nguvu yake kubwa ya kuzungusha. Namba hiyo imo katika kitabu cha kila gari. Mwendo huo, nao, ni ule unaoutumia kweli, si ule unaousimulia. Jirani yangu alirudisha tairi za 175/80 R14, ambazo zina kimo kile kile cha zile za kiwandani, akabadilisha rulema (beringi) ya katikati ya kardani iliyokuwa imelegea, na kelele iliyomsumbua ilipungua kiasi cha kumfanya aiache ponti yake ilivyo.

Wapo wanaohitaji ponti fupi zaidi, nao ni wachache kuliko wanavyodhani: anayevuta trela, anayebeba mizigo kwenye pikapu ya zamani kwa barabara za udongo za upande wa Kasenga, au aliyefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani. Huyu wa mwisho anaweza kupata jibu lake kwa urahisi: azidishe uwiano wa kiwandani kwa mzingo mpya, agawanye kwa mzingo wa zamani, na uwiano unaopatikana ndio utakaorudisha gari katika tabia yake ya awali. Akumbuke tu kwamba katika ponti ya ukubwa uleule, uwiano mkubwa kwa kawaida humaanisha pinioni ndogo yenye meno machache, na pinioni ndogo huvunjika mapema zaidi.

Kwa wenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, kama Land Rover au Land Cruiser za zamani, kuna sharti lisilo na mjadala: ponti ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukibadili ya nyuma peke yake, siku utakapounganisha magurudumu ya mbele kwenye ardhi ngumu shafti zitavutana hadi kitu fulani kikatike. Nasisitiza kwa sababu difu ya 3.54 ya Range Rover za mwanzo, zenye shafti za meno 10, huingia kwenye tumbo la ponti ya Rover ya Series bila kukatwa chochote, na urahisi huo huwashawishi watu wafanye nusu ya kazi. Land Rover yangu ya Series III, fupi, yenye tairi za 6.00-16 za mzingo wa mita 2.25, huzungusha injini karibu mara 3,600 kwa dakika kwa kilomita 90 kwa saa, kwa kuwa nyuma ya giaboksi ina kisanduku cha kugawa nguvu ambacho uwiano wake wa barabarani, 1.148, nao huzidishwa katika hesabu. Kwa 3.54 ingekuwa 2,710. Nilipiga hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara nikaiacha, kwa kuwa ningepoteza robo ya msukumo katika kila gia, hata zile za taratibu ninazozihitaji matopeni. Kwa gari hilo njia bora ni ovadraivu ya Fairey, yaani gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini, yenye uwiano wa 0.782, kwa sababu unaitumia kwenye lami na kuitoa unapoingia udongoni, na mizunguko inashuka hadi kama 2,810 bila ponti kuguswa. Na Land Rover ndefu, zile za inchi 109, ambazo ponti yao ya nyuma ni ya aina ya Salisbury hazipokei difu hiyo ya Rover hata kidogo.

Nakuja sasa kwenye otobloka. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa magurudumu mawili, na usawa huo ndio udhaifu wake. Gurudumu la kushoto likiwa kwenye tope linaloweza kupokea Nm 50 tu kabla ya kuteleza, la kulia nalo litapata 50 hizo hizo, hata kama liko kwenye changarawe kavu. Gari linakaa, gurudumu moja linatupa matope, na wapita njia wanaombwa kusukuma. Tatizo hili lilitatuliwa zamani. Katika miaka ya 1930 kampuni ya ZF ya Ujerumani ilitengeneza difu ya kuzuia utelezi kwa ajili ya magari ya mashindano ya Auto Union yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche, na mwaka 1956 Studebaker-Packard ya Marekani ikaanza kuiuza kwenye magari ya watu wa kawaida.

Aina inayopatikana zaidi kwenye magari ya zamani ni ya sahani za msuguano, zilizopangwa mojamoja kama sahani za klachi na kubanwa kwa springi. Springi hizo hutoa mbano wa awali, yaani nguvu inayoyaunganisha magurudumu hata kabla hujakanyaga mafuta, na gia za ndani huongeza mbano kadiri injini inavyosukuma. Ubora wake ni kwamba hufanya kazi hata gurudumu moja likiwa hewani. Ubaya wake ni kwamba sahani huisha, na otobloka ya okazi yenye sahani zilizokwisha ni difu ya kawaida iliyouzwa kwa bei ya juu. Ipo pia ya koni, ambayo hutumia msuguano vilevile lakini koni zake zikishalika ni vigumu kuzirudisha katika hali nzuri, kwa hiyo siipendekezi kwa mtu anayenunua kitu kilichokwisha kutumika.

Aina ya pili haina sahani. Inatumia gia za mshazari zinazojibana zenyewe, kama Torsen iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Gleasman, au Quaife ya Uingereza. Hii hufanya kazi kimya, haitaki mafuta ya pekee, na haichakai haraka. Kwa gari la lami linalotaka kutoka vizuri kwenye kona, naiona ndiyo bora kuliko zote. Lakini fahamu jinsi inavyofanya kazi: hulipatia gurudumu lenye mshiko nguvu mara kadhaa ya ile ya gurudumu linaloteleza. Ikiwa hesabu yake ni mara tatu, zile Nm 50 za kushoto huzaa 150 za kulia, na gari linatoka. Gurudumu la kushoto likining'inia hewani juu ya shimo, linapokea sifuri, na sifuri mara tatu ni sifuri. Dereva mzoefu huvuta breki ya mkono kidogo, ikiwa breki hiyo inashika magurudumu ya nyuma, ili gurudumu lililo hewani lipate kitu cha kupambana nacho. Kwenye Land Rover za zamani breki ya mkono hushika kardani, kwa hiyo ujanja huo haufai huko.

Mwisho kuna kufuli kamili, za kujifunga zenyewe kama Detroit Locker au za kufungwa na dereva kwa hewa kama ARB. Ya hewa ni ghali, lakini kwa gari la matope linalotembea pia mjini ndiyo pekee isiyokuomba kuchagua, kwa maana ikiwa imefunguliwa ni difu ya kawaida kabisa. Kuhusu kuchomelea gia za ndani za difu ili magurudumu yawe kitu kimoja, nasema wazi kwamba sikubaliani nako kwa gari linalotembea barabarani. Tairi hulika, shafti hukatika, na kwenye kona ya lami yenye maji gari hukataa kugeuka.

Otobloka yoyote ya kubana inahitaji heshima mvua za kwanza zinapoanza, Oktoba au Novemba, wakati vumbi la miezi ya ukame na mafuta yaliyomwagwa na malori hugeuka utelezi juu ya lami. Difu ya kawaida ikizidiwa, gurudumu moja hupiga bure na lile jingine hubaki likiishika nyuma ya gari. Otobloka ikizidiwa, yote mawili huteleza pamoja, na nyuma ya gari huenda pembeni. Kwa hiyo kwa gari jepesi la zamani, lenye nguvu chache, chagua mbano wa awali ulio mdogo. Na kabla ya kununua chochote, tazama tairi na shokomzoba zako, kwa sababu nimeona magari yaliyoacha kuteleza baada ya kupata tairi nzuri na shokomzoba mpya, bila otobloka yoyote.

Ukinunua okazi, chukua mkusanyiko mzima wa difu, krauni na pinioni pamoja, na uukague kabla ya kulipa. Krauni na pinioni husagwa na kulinganishwa kiwandani kama jozi, na mara nyingi huandikwa namba moja kwa kalamu ya chuma kwenye zote mbili. Zamani nilinunua duka moja hapa mjini mkusanyiko uliosafishwa ukang'aa, nikaufunga kwa haraka, na kabla sijafika mbali kwenye barabara ya Likasi ponti ilikuwa ikilia kama king'ora. Fundi mzee wa Katuba aliyeifungua alifuta mafuta kwa kitambaa, akanionyesha namba mbili zisizofanana, akasema, "Papa, hivi viwili si ndugu." Meno yalikwisha kulana, na hakuna marekebisho yanayoponya hali hiyo. Tangu hapo sinunui kabla ya kusoma namba, kupitisha ukucha juu ya kila jino nikitafuta ukingo uliomeguka au vishimo, na kuzungusha rulema nikisikiliza kama inakwaruza. Hesabu pia meno ya mwisho wa shafti za magurudumu, maana difu yenye uwiano unaoutaka haina faida ikiwa shafti zako haziingii.

Kwa otobloka ya sahani, jaribio la dukani ni kuingiza shafti pande zote mbili, kushikilia moja kwenye jiliwa, na kuigeuza nyingine kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kitabu cha gari hutaja kiwango chake. Ikigeuka kwa mkono mtupu, sahani zimekwisha.

Kufunga ndiko kunakoamua kama fedha zako zitadumu, na hapa nakuomba umtafute fundi mwenye vifaa vya kupimia, hata kama anadai zaidi. Kuna vipimo vitatu. Cha kwanza ni kina cha pinioni, kinachorekebishwa kwa vipete vyembamba vya chuma nyuma ya rulema yake. Cha pili ni mbano wa rulema za pinioni. Ponti nyingi hutumia bomba fupi la chuma ambalo hubonyezwa na nati hadi mbano ufike kiwango. Bomba hilo ni la kutumika mara moja tu, na ukipitisha kiwango huwezi kulegeza nati ukaendelea, ni lazima uweke jipya. Cha tatu ni nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinioni, inayopimwa kwa geji ya saa katika sehemu kadhaa za mduara. Kwa difu ya Rover ni milimita 0.20 hadi 0.25, na kwa ponti nyingi ndogo za Toyota ni milimita 0.13 hadi 0.18. Fundi anayetikisa kwa mkono na kusema inatosha hawezi kuhisi tofauti ya sehemu tano za mia za milimita.

Baada ya hapo meno yenyewe yaulizwe. Paka rangi nzito ya kupimia juu ya meno machache ya krauni, zungusha huku mtu akiizuia kidogo kwa kipande cha mbao, kisha tazama alama iliyobaki. Alama njema hukaa katikati ya jino, haigusi kingo. Ikikaa chini, kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno na inapaswa kurudishwa nyuma. Ikikaa juu, karibu na kilele, pinioni iko mbali na inapaswa kusogezwa ndani. Ikikimbilia ncha ya ndani ya jino, iliyo karibu na kitovu, mara nyingi krauni imesogezwa karibu mno. Ikikimbilia ncha ya nje, iko mbali. Kila ukirekebisha kimoja, pima upya vingine. Kazi hii huchukua siku nzima, na fundi anayeahidi kuimaliza kwa saa moja ana nia ya kuruka hatua hii.

Kabla ya kufunga kifuniko, safisha tundu la kupumulia lililo juu ya ponti. Likizibwa na udongo wetu mwekundu, hewa iliyopashwa joto huyasukuma mafuta kupitia sili hadi kwenye breki, na watu hubadilisha sili mara tatu wasielewe chanzo.

Mafuta ya ponti kwa gia nyingi za namna hii ni 80W-90 ya daraja la GL-5. Otobloka ya sahani inahitaji zaidi kirekebishi cha msuguano, kilichochanganywa tayari au kinachouzwa katika chupa ndogo. Ukikikosa, gari litatetemeka na kugonga kila unapogeuka polepole kuingia uani. Mwenye Peugeot 404 asitumie ushauri huu kwa upofu, kwa sababu ponti ya gari hilo haina krauni ya kawaida bali parafujo ya chuma inayoendesha gurudumu la shaba, na mafuta yenye dawa kali za salfa yanaweza kuila shaba hiyo. Atafute mafuta yaliyotajwa kuwa salama kwa shaba.

Safari ya kwanza iwe ya kilomita 20 hivi, bila mzigo na bila kukanyaga kwa nguvu, kisha usimame hadi ponti ipoe kabisa, kwa maana ni joto la mwanzo linaloharibu meno mapya. Rudia mara mbili tatu. Epuka kuvuta trela kwa kilomita 800 za kwanza, na zikitimia mwaga mafuta, tazama kilichonaswa kwenye sumaku ya kizibo. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa vidole vinamaanisha ponti ifunguliwe siku hiyo. Sikiliza pia: sauti inayolia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia hutoka kwenye meno, na ngurumo isiyobadilika, inayofuata mwendo tu, hutoka kwenye rulema.

Na kuanzia siku otobloka inapoingia kwenye ponti yako, mwambie kila fundi atakayeligusa gari, na ubandike karatasi karibu na usukani: injini isiendeshwe kamwe ikiwa kwenye gia huku gurudumu moja la nyuma likiwa juu ya jeki. Gurudumu lililobaki chini litasukuma, na gari litashuka kutoka kwenye jeki likimwendea aliye mbele yake.